Picha yako, mwenyewe ni nani?



Leo sianzi na ugonjwa. Naanza na kipande cha karatasi.

Muhula uliopita nilitembelea klabu ya afya ya shule moja ya sekondari ya kata, mkoani Geita. Kama kawaida yetu, tulipitisha sanduku la maswali. Unaandika unachotaka, huweki jina, unatumbukiza. Mengi yalikuwa yale yale: chunusi, maumivu ya hedhi, ndoto nyevu, eti ukirukaruka baada ya kujamiiana hupati mimba? (Unapata. Kuruka hakuzuii kitu.) Kisha nikafungua karatasi iliyokunjwa mara nne. Iliandikwa hivi:

“Dada, nina mpenzi yupo machimboni Rwamgasa. Ndiye alininunulia simu. Sasa anataka nimtumie picha nikiwa sijavaa. Anasema nisipotuma basi simpendi, na simu nirudishe. Nampenda. Nifanyeje?”

Nikaisoma kimya mara mbili. Mle darasani walikuwemo wanafunzi zaidi ya 60. Ningeisoma kwa sauti, kila mtu angegeuza shingo kumtafuta mwandishi. Nikaitia mfukoni, nikasema, “Hili nitalijibu gazetini.” Sasa ndugu yangu uliyeandika karatasi ile, jibu lako hili hapa. Na wewe msomaji mwingine, soma tu. Huenda kesho likawa swali lako.

Kwanza: kupenda si ugonjwa

Tuelewane mapema. Ukiwa katika umri wa kubalehe, mwili unatengeneza homoni ambazo hukuwa nazo kwa wingi ulipokuwa darasa la tatu. Unaanza kujitazama sana kwenye kioo. Unataka kujua: Mimi ni nani? Napendeza? Yupo anayenitamani? Ujumbe wa mtu fulani ukiingia, moyo unadunda kama ngoma. Hakuna laana hapo. Ni sehemu ya kukua, kwa wasichana na kwa wavulana.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba sehemu ya ubongo inayopima hatari na kusema “subiri kidogo” huendelea kukomaa hadi kwenye miaka ya 20. Maana yake si kwamba vijana ni wajinga. Maana yake ni kwamba hisia inafika mbio na breki inafika baadaye. Simu nayo inasaidia mbio, haisaidii breki. Zamani barua ya mapenzi ilikaa kwenye daftari siku tatu kabla hujapata wa kuipeleka. Siku tatu hizo zilitosha kubadili mawazo. Leo ni kidole kimoja, imekwenda.

Mchoraji kutoka Marangu

Kabla ya kufika kwenye simu, nataka nikujulishe kwa mtu mmoja. Wengi hatukumsoma shuleni, nami nilimfahamu nikiwa chuo kikuu.

Anaitwa Everlyn Nicodemus. Alizaliwa mwaka 1954 Marangu, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 1973 akaenda Uswidi, na mwaka 1978 akaanza kusoma anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Stockholm, yaani taaluma ya kuchunguza jamii za watu. Lakini kitu kikamkera. Aliona taaluma ile, kama ilivyofundishwa Ulaya, inawageuza binadamu kuwa vitu vya kuchunguzwa: mmoja anatazama na kuandika, mwingine anatazamwa tu. Akaanza kuchora. Hakupita shule ya sanaa. Mwaka 1980 alifanya maonyesho yake ya kwanza Dar es Salaam, kwenye Makumbusho ya Taifa. Alichora mambo ambayo kwa kawaida huzungumzwa kwa kunong’ona: mwili wa mwanamke, kujifungua, ndoa, uchungu wa moyoni.

Kati ya 1984 na 1986 alifanya kazi kubwa kuhusu wanawake wa dunia. Alikwenda katika mji wa Skive huko Denmark, akaja Tanzania, akaenda India. Kila mahali aliwakaribisha wanawake wakae, wazungumze juu ya maisha yao. Kutokana na mazungumzo yale ndipo akachora na kuandika mashairi.

Hebu angalia alivyofanya. Hakuchungulia dirishani. Hakumwambia mtu “usiponieleza siri zako hunipendi.” Aliomba, wakakubali. Walijua wanazungumza na nani na kwa ajili gani. Hiyo ndiyo inayoitwa ridhaa. Ukaribu wa kweli kati ya watu wawili unajengwa hivyo, iwe ni mchoraji na anayechorwa, iwe ni wapenzi.

Kujichora na kujipiga selfi

Mwaka 1982 Everlyn alijichora mwenyewe. Picha ile ina jina la Kiswidi, Självporträtt, Åkersberga, maana yake ni picha ya kujichora, na Åkersberga ni mji ulio jirani na Stockholm. Ndani yake sura zimepandana, moja juu ya nyingine, kwa sababu mwanamke mmoja ni watu wengi: ni mama, ni mwandishi, ni mchoraji, ni mgeni kwenye nchi ya watu. Mwaka 2022 jumba la National Portrait Gallery la London liliinunua. Ikawa picha ya kwanza ya kujichora ya mchoraji mwanamke mweusi kuingia katika hazina ya jumba lile. Mwaka 2024 jijini Edinburgh, huko Uskoti anakoishi, yalifunguliwa maonyesho makubwa ya kazi zake za zaidi ya miaka 40.

Unaweza kusema, “Dada, mimi na selfi zangu tunahusikaje?” Mnahusika sana. Selfi nayo ni kujichora. Unachagua upande wa uso, unachagua mwanga, unafuta tisa unabakiza moja. Unaiambia dunia, “Huyu ndiye mimi.” Hakuna ubaya wowote.

Tofauti iko hapa. Everlyn aliposhika brashi, yeye ndiye aliyeamua achore nini, aonyeshe nini, lini, na kwa nani. Sasa rudi kwenye ile karatasi ya Geita. Nani aliyeamua picha ipigwe? Nani aliyechagua iwe bila nguo? Nani atakayeitunza? Nani atakayeamua aionyeshe kwa nani? Ukijibu kwa ukweli utaona aliyeshika brashi si msichana. Kidole ni chake, lakini picha ni ya mtu mwingine.

Chagulaga ya kwenye simu

Sisi wa Usukumani tunaijua chagulaga. Kwa wasioijua: baada ya ngoma au mnada, wasichana wakirudi nyumbani, vijana wa kiume waliwafuata na kuwazingira njiani. “Chagulaga!” Yaani chagua. Msichana akatazama, akamtaja anayempenda, wengine wakapisha njia. Wazee wanaisimulia kwa kicheko, na wengine walioana hivyo hivyo.

Lakini muulize bibi yako swali moja: Je, aliweza kusema “simtaki hata mmoja, nipisheni nipite”? Utasikia majibu tofauti. Kama jibu ni “aliweza”, huo ulikuwa uchaguzi. Kama jibu ni “hapana”, basi hakuchagua, alizingirwa tu.

Siku hizi vijana hawangojei mnada. Wako kwenye simu yako saa nne usiku. “Mambo.” “Mbona kimya?” “Tuma picha.” “Nyingine.” “Mbona hiyo umevaa?” Kipimo ni kile kile: je, “hapana” ipo kwenye orodha? Mtu anayekuambia “tuma au tuachane”, “tuma au rudisha simu”, “tuma au namwambia kaka yako”, ameiondoa “hapana” yako. Hapo si mapenzi tena, ni kuzingirwa njiani.

Na tusidanganyane kuhusu pesa. Huku kwetu duara likitema, mtu anashuka mjini na laki tano mfukoni wakati mwanafunzi hana hata nauli. Wachimbaji wengi ni kaka zetu na baba zetu, wanaofanya kazi ngumu na ya halali. Lakini zawadi yenye masharti inaitwa malipo. Simu ya laki na kitu ikidai mwili wako, au picha ya mwili wako, imeshauzwa bei ambayo hukuambiwa dukani.

Picha inasafirije?

Mama zetu walipiga picha studio. Negativu ilibaki kwa mpiga picha, nakala ikaenda kwa mchumba ndani ya bahasha. Mkigombana, unaichana, basi. Picha ya simu haina mwenye negativu. Kila nakala ni sawa na ya kwanza, na aliyenayo anaweza kuzaa nyingine mia. Hizi ndizo njia zake:

1. Simu yenyewe. Inaazimwa, inaibwa, inawekwa rehani, inauzwa. Anayeipokea anapokea na kilichomo.

2. Kibanda cha nyimbo na fundi simu. Unatoa kadi ya kumbukumbu uingiziwe nyimbo na muvi. Ukiichomeka kwenye kompyuta yake, picha zako zote ziko mbele yake. Hata ulizofuta, mara nyingi zinaweza kurudishwa kwa programu ya kawaida tu.

3. Skrinshoti. WhatsApp wana picha ya kutazamwa mara moja kisha inatoweka. Watu wanaiamini sana. Lakini hakuna kinachomzuia anayeitazama kuchukua simu ya pili na kuipiga picha. Pia wanasema ujumbe umefungwa, hausomwi njiani. Ni kweli, njiani. Ukishafika kwa aliyetumiwa, umefunguliwa.

4. Ghala la mtandaoni. Simu nyingi hujiwekea nakala za picha kwenye akaunti ya intaneti bila kukuuliza kila mara. Aliyekufungulia akaunti pale dukani, kama anajua neno lako la siri, anaweza kuzitazama.

5. Akili mnemba. Siku hizi kuna programu zinazochukua sura yako, hata ya kwenye sare ya shule, na kuibandika kwenye mwili usio wako. Hapo hukutuma chochote, na bado ukachafuliwa. Ndiyo maana ukiona “picha ya fulani” usiseme haraka “alijitakia.”

“Lakini mimi namwamini”

Sawa. Huenda ni mwaminifu leo. Swali si yeye wa leo tu. Ni yeye wa siku mtakapoachana, ni rafiki yake anayelala naye chumba kimoja kambini, ni mwizi wa simu yake. Unawaamini wote hao?

Na kaka zangu, msikae pembeni mkicheka. Kuna matapeli wanaojifanya wasichana warembo. Anakusalimu, anakutumia picha, anakuomba ya kwako. Ukituma tu, sauti inabadilika: “Lete pesa, la sivyo natuma kwa marafiki zako wote.” Katika utapeli huu wa kudai pesa, nchi nyingi zinaripoti kwamba wanaonaswa zaidi ni wavulana. Wengi hunyamaza kwa sababu wanaona mwanaume hatakiwi kulia. Nyamaza hiyo ndiyo mtaji wa tapeli.

Kama imeshatoka, fanya hivi

Pengine umesoma hadi hapa na tumbo linakuuma, kwa sababu ulishatuma. Pumua. Maisha hayajaisha.

- Usilipe, usitume nyingine. Anayetishia akilipwa mara moja hurudi.

- Usifute ujumbe wa vitisho. Hifadhi namba, jina la akaunti, tarehe na maneno aliyoandika. Huo ni ushahidi. Ukishauhifadhi, mfungie asikupate.

- Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini: mama, shangazi, mwalimu wa ushauri nasaha, kiongozi wa dini, muuguzi. Ukiogopa kusema, mwandikie karatasi. Wewe si wa kwanza.

- Piga 116. Ni namba ya huduma kwa mtoto hapa Tanzania, bila malipo.

- Nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda na mtu mzima kama unaogopa kwenda peke yako.

- Kama ulikuwa chini ya miaka 18 picha ilipopigwa, ipo huduma ya bure ya mtandaoni iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023. Picha haitoki kwenye simu yako. Inatengenezwa alama ya siri kama alama ya kidole, na mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuitafuta picha na kuiondoa. Haifuti iliyomo ndani ya simu za watu, lakini inapunguza kusambaa.

- Kama ulilazimishwa pia kujamiiana, nenda kituo cha afya haraka, siku hiyo hiyo ukiweza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze kabla ya saa 72 kupita.

Na moyo je? Aibu inaweza kumfanya mtu asile, asilale, aone bora afe. Kama umefika hapo usikae peke yako hata usiku mmoja, mwambie mtu sasa hivi. Yule Everlyn niliyekusimulia alipata mshtuko mkubwa wa akili baada ya kuumizwa na ubaguzi wa rangi Ulaya. Alikuwa mgonjwa, akatibiwa, na kazi yake ya sanaa ikamsaidia kuinuka. Mwaka 2012 alipata shahada ya uzamivu. Jeraha la moyo ni jeraha, linatibika kama mengine.

Sheria inasemaje?

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inamhesabu mwanaume anayejamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 kuwa amebaka, hata kama msichana alisema “ndiyo”. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono, na za watoto ndiyo kabisa. Adhabu ni faini ya mamilioni ya shilingi, kifungo cha miaka mingi, au vyote viwili.

Kwa hiyo wewe unayepokea picha ya mwanafunzi mwenzako kwenye kundi la darasa halafu unaituma kwingine “kwa ajili ya kucheka tu”, ujue unashiriki kosa. Futa. Usitume. Kisha kaa karibu na mwenzako wakati wa mapumziko, hata kama hamna la kusema.

Sasa jibu langu kwako

Ndugu yangu wa karatasi iliyokunjwa mara nne. Sikujui kwa jina na sitakutafuta. Nakujibu kama dada.

Usitume. Mwambie kwa maneno machache, bila matusi: “Picha ya namna hiyo situmi. Usiniombe tena.” Usijieleze sana, maana maelezo marefu humpa mtu nafasi ya kubishana. Kama anakupenda, ataendelea kukupenda ukiwa umevaa. Akisema rudisha simu, toa laini yako na kadi yako, futa kila kitu kwenye simu, toka kwenye akaunti zako, irudishe. Usiende peke yako machimboni kuirudisha. Mpe mtu mzima aipeleke. Utakaa bila simu kwa muda, na itauma hasa wenzako wakichati. Ni kweli. Lakini utakuwa umelala na siri yako mwenyewe.

Na kama yeye ni mtu mzima na wewe hujafika miaka 18, tatizo si picha peke yake. Uhusiano wenyewe una hatari, na mwenye kosa mbele ya sheria ni yeye, si wewe. Zungumza na mtu mzima unayemwamini wiki hii.

Halafu, kama unapenda kujitazama na kujijua, chukua daftari. Jichore. Usijali kama mkono haujui, hata Everlyn hakufundishwa shule. Chora yule wa nyumbani, yule wa darasani, yule anayependa, yule anayeogopa, wote kwenye uso mmoja. Picha hiyo utaionyesha kwa umtakaye, siku uitakayo. Na usipotaka kumwonyesha mtu, ni haki yako.

Jadilini kwenye klabu

1. Katika chagulaga ya zamani, msichana aliweza kukataa wote? Waulizeni wazee watatu, wanawake kwa wanaume, mlinganishe majibu.

2. Rafiki yako amekuonyesha picha ya faragha ya mpenzi wake. Utamwambia nini hapo hapo?

3. Zawadi gani haina masharti? Utaijuaje?

4. Kila mmoja ajichore kwa dakika 20. Anayetaka aonyeshe, asiyetaka asilazimishwe. Kisha zungumzeni: mlijisikiaje kuruhusiwa kukataa?